Basi, Nyumbu na Ngamia: Historia ya Kuunganisha Programu za Kampuni



Wanaotoka chuoni na kuanza kazi ya tarakilishi huwa na lalamiko moja. Chuoni walifunzwa kuandika programu moja, toka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Wakifika kazini wanakuta programu kumi, zilizoandikwa na watu kumi, katika miaka kumi tofauti. Na kazi wanayopewa si kuandika ya kumi na moja, bali kuzifanya hizo kumi zielewane.

Kazi hiyo haina sifa. Hakuna mteja atakayempigia meneja simu kumshukuru kwa kuwa mfumo wa mikopo umeongea vizuri na mfumo wa hesabu. Lakini siku visipoongea, simu zitapigwa kutwa nzima. Leo basi nataka tupitie historia ya kazi hii: ilikotoka, nani waliipa majina, na jinsi fremuweki moja huria iitwayo Apache Camel ilivyoifanya iweze kufunzwa kwa mtu yeyote mwenye kompyuta na subira. Msiogope, si lazima uwe unajua Java ili kufuata.

Tuanze na SACCO

Mfano utatusaidia. Chukua SACCO ya walimu, yoyote ile. Ina programu ya kuweka akiba za wanachama. Ina nyingine ya mikopo, iliyonunuliwa baadaye. Ina akaunti benki. Ina nambari ya Paybill ya kupokea pesa kwa M-Pesa. Ina huduma ya kutuma SMS. Na ina programu ya uhasibu ambayo mkaguzi wa hesabu huiangalia mwisho wa mwaka.

Mwalimu mmoja analipa shilingi 3,000 za mkopo wake kwa simu. Habari za malipo hayo lazima zifike kwenye mkopo, kwenye uhasibu na kwenye SMS ya kumjulisha. Sasa jiulize: je, mtandao ukikatika katikati? Je, habari ileile ikitumwa mara mbili, mkopo utapunguzwa kwa shilingi 6,000? Je, mfumo wa uhasibu ukiwa umezimwa usiku huo, nani atakumbuka kuupelekea habari asubuhi?

Mifumo sita tu hiyo. Ukiamua kuunganisha kila mmoja na kila mwingine moja kwa moja, unahitaji njia 15. Mifumo ikiwa kumi, njia ni 45. Ikiwa ishirini, njia ni 190. Mifumo huongezeka polepole, ila njia huongezeka kwa fujo. Wahandisi huuita mchoro wa njia hizo tambi, na ukishauona hutauliza kwa nini.

Njia nne za kale

Tatizo hili ni la zamani kuliko intaneti tunayoijua. Benki zililikumba mapema. Mwaka 1973 benki 239 kutoka nchi 15 ziliungana kuanzisha SWIFT, yenye makao Ubelgiji, na mwaka 1977 mtandao wake ukaanza kupitisha ujumbe kati ya benki na benki. Wazo lilikuwa rahisi: badala ya kila benki kupatana na kila nyingine jinsi ya kuandika habari za malipo, zote zitumie umbo moja la ujumbe.

Ndani ya kampuni mambo yalikwenda taratibu zaidi. Njia ya kwanza iliyotumika, na ambayo ingali hai hadi leo, ni faili. Mfumo mmoja huandika faili usiku, mwingine huisoma alfajiri. Ni njia ya unyenyekevu na hufanya kazi. Ubaya wake ni kwamba habari huchelewa, na mtu akibadilisha safu moja ya faili bila kumwambia mwenzake, kesho yake ni kilio.

Njia ya pili ni kugawana hifadhidata. Programu zote husoma na kuandika katika majedwali yaleyale. Hapo habari hazichelewi, lakini hakuna tena anayethubutu kugusa jedwali, maana hajui nani mwingine analitegemea.

Njia ya tatu ni programu moja kuiita nyingine moja kwa moja kupitia mtandao, kana kwamba ziko katika mashine moja. Mwaka 1991 muungano wa OMG ulitoa toleo la kwanza la CORBA kwa kazi hiyo, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaja SOAP iliyotumia XML. Ubaya wa njia hii ni kwamba anayeitwa asipokuwepo, anayeita naye hukwama.

Njia ya nne ni ujumbe. Unaandika ujumbe, unauweka katika foleni, unaendelea na kazi yako. Mwenzako atauchukua akiwa tayari. Ni tofauti kati ya kumpigia mtu simu na kumwachia barua kwa jirani mwaminifu. Simu inataka nyote wawili muwe hewani, barua haijali.

Basi la Wall Street

Njia hii ya nne ndiyo iliyozaa biashara kubwa. Katika miaka ya 1980 mhandisi mzaliwa wa Mumbai, Vivek Ranadivé, alianzisha kampuni ya Teknekron Software Systems huko Marekani. Alichukua wazo kutoka ndani ya kompyuta yenyewe. Ndani ya kompyuta kuna njia moja ya pamoja inayoitwa basi, ambapo kila kifaa huchomekwa na habari hupita kwa wote. Akauliza: kwa nini programu nazo zisiwe na basi lao? Wateja wake wakawa madalali wa hisa wa Wall Street, ambao walihitaji bei moja ifike kwenye skrini nyingi kwa wakati mmoja. Reuters iliinunua kampuni hiyo mwaka 1994, na mwaka 1997 ikazaliwa TIBCO kutokana nayo.

IBM nayo mwaka 1993 ilitoa MQSeries. Ahadi yake ilikuwa kwamba ujumbe wa kudumu ukishapokelewa na foleni hautapotea hata umeme ukizimika. Benki zilipenda ahadi hiyo, na programu hiyo ingali inauzwa hadi leo kwa jina la IBM MQ.

Tatizo lilikuwa pesa, na baada ya pesa, maarifa. Leseni za programu hizi ziliuzwa kwa makampuni makubwa, mara nyingi kwa kuhesabu prosesa za seva. Mtu wa kawaida hakuweza kununua moja ili ajifunze. Ulijifunza TIBCO kwa kuajiriwa mahali penye TIBCO. Mahali penye TIBCO nao walitaka mtu aliyekwisha kuijua. Mlango ulifungwa kwa ndani.

Na kila muuzaji alikuwa na lugha yake. Kitu kilekile, mmoja alikiita hivi na mwingine vile. Mwaka 1998 Sun ilitoa JMS, kanuni ya Java ya kutuma na kupokea ujumbe bila kujali nani alitengeneza foleni. Hiyo ilisaidia kwa upande wa kodi. Kwa upande wa fikra, bado kila mtu alikuwa akigundua gurudumu upya.

Kitabu kilichotoa majina

Mwaka 2003 kilitoka kitabu cha Gregor Hohpe na Bobby Woolf kiitwacho Enterprise Integration Patterns. Kwa maoni yangu hiki ndicho kitovu cha historia yote ninayoisimulia.

Waandishi hao hawakugundua teknolojia mpya. Walichofanya ni kutazama mifumo mingi iliyokwisha kujengwa, wakaona kwamba wahandisi wasiojuana walikuwa wakitatua shida zilezile kwa njia zilezile. Wakazikusanya njia hizo, zikawa ruwaza 65. Kila ruwaza ikapewa jina, mchoro mdogo, shida inayotatuliwa na gharama ya kuitumia. Mtindo huo walirithi kwa wengine: msanifu majengo Christopher Alexander alikuwa amefanya vivyo hivyo kwa nyumba na miji mwaka 1977, na mwaka 1994 waandishi wanne wakafanya hivyo kwa programu za kawaida.

Turudi kwa SACCO yetu tuone ruwaza chache. Malipo yakija, yale ya mkopo yaende kwa mikopo na yale ya akiba yaende kwa akiba: hicho ni kielekezi kinachosoma yaliyomo. Benki ikituma faili moja yenye malipo 400, lazima ikatwe vipande 400: hicho ni kigawanyi. Majibu ya mifumo mitatu yakihitaji kuunganishwa yawe ripoti moja: hicho ni kikusanyi. Ujumbe ulioshindikana kabisa uwekwe kando ili binadamu auangalie, usitupwe: huo ni mkondo wa barua zilizokufa. Na ujumbe uleule ukija mara ya pili utambuliwe na usitendwe tena: huyo ni mpokezi asiyerudia.

Ruwaza hiyo ya mwisho ndiyo inayomwokoa mwalimu wetu na zile shilingi 6,000. Lakini kumbuka, kwake makosa yangemfaidi! Geuza upande: ikiwa ni SACCO inayomtumia mwanachama mkopo wa 50,000, na ujumbe ukarudiwa, 50,000 nyingine zimetoka na hazitarudi kwa hiari.

Kuna jambo dogo kuhusu kitabu hiki ambalo watu husahau. Majina ya ruwaza, michoro yake midogo, na sentensi za shida na suluhisho ziliwekwa hadharani katika tovuti kwa leseni ya Creative Commons. Yeyote angeweza kuzitumia katika kazi yake mradi ataje zilikotoka. Kwa hivyo lugha hii mpya haikuwa mali ya muuzaji yeyote. Na watu wa programu huria walikuwa wakisubiri kitu kama hicho bila kujua.

Nyumbu wa Ross Mason

Mwaka huohuo wa 2003 mhandisi Ross Mason alianza mradi huria alioupa jina Mule. Mule ni nyumbu. Namaanisha baghala, mzawa wa punda na farasi, si wale nyumbu wa Masai Mara wanaovuka mto kila mwaka. Sababu ya jina ni kwamba kazi ya kuunganisha ilikuwa kazi ya punda, ya kubeba mizigo ileile kila siku, na yeye alitaka programu iibebe. Kampuni yake ilikuja kuitwa MuleSoft, na mwaka 2018 Salesforce ikainunua kwa takriban dola bilioni 6.5. Nani alisema kazi ya punda haina malipo?

Wakati huo neno lililokuwa midomoni mwa wote ni ESB, yaani basi la huduma za kampuni. Kila muuzaji alikuwa na basi lake. Mwaka 2005 ilipitishwa kanuni ya Java iitwayo JBI ya kuyafanya mabasi hayo yafanane, ingawa IBM na BEA, wakubwa wawili wa soko, walijitenga nayo. Kundi la wahandisi wa programu huria likajenga ServiceMix kwa kufuata kanuni hiyo. Wengi waliojaribu JBI waliona uzito wake: ujumbe ulitakiwa uvishwe XML hata pale ambapo haukuhitaji, na kipande kidogo cha kazi kilifungwa katika vifurushi ndani ya vifurushi. Ilikuwa kama kusafirisha kilo ya sukari kwa lori.

Mmoja wa wahandisi hao alikuwa James Strachan, Mwingereza ambaye tayari alikuwa ameanzisha lugha ya Groovy mwaka 2003 na kushiriki kuunda ActiveMQ, seva huria ya foleni. Yeye na wenzake waliona kwamba watu hawakuhitaji basi kubwa zaidi. Walihitaji njia fupi ya kuandika ruwaza za Hohpe na Woolf.

Ngamia anaingia

Apache Camel ilitoka mwaka 2007, kwanza kama mradi mdogo chini ya ActiveMQ, kisha ikawa mradi unaojitegemea katika wakfu wa Apache. Camel ni ngamia, na sisi wa Kenya hatuhitaji kuelezwa ngamia ni mnyama gani. Watu wa Marsabit na Garissa wanajua: hunywa kidogo, hubeba vingi, hafi njiani.

Camel haikuwa seva. Ilikuwa maktaba tu ya Java, unaiweka ndani ya programu yako na kuiendesha popote. Wazo lake kuu ni njia: ujumbe unatoka mahali, unapitia hatua, unafika mahali. Mahali penyewe panaandikwa kama anwani. Hebu ona:

from("file:malipo/mapya")
  .split(body().tokenize("\n"))
  .to("activemq:queue:malipo");

Hata asiyejua Java anaweza kukisia. Chukua kila faili mpya katika folda ya malipo, ikate mstari kwa mstari, kila mstari uweke katika foleni iitwayo malipo. Mistari mitatu. Kesho benki ikisema haitumii tena faili za kawaida bali FTP, unabadilisha anwani ya kwanza tu. Katikati hapaguswi.

Angalia tena neno la pili pale, split. Ni ruwaza ya kigawanyi kutoka kitabuni, kwa karibu jina lilelile. Ndivyo ilivyo kwa nyinginezo. Kitabu kikawa kodi. Mtu aliyesoma kitabu alijua kutumia Camel, na mtu aliyecheza na Camel wikendi alikuwa amesoma nusu ya kitabu bila kujua. Mwongozo wa Camel wenyewe ulipangwa kwa kufuata orodha ya ruwaza hizo. Baadaye Claus Ibsen wa Denmark na Jonathan Anstey waliandika Camel in Action, kitabu kilichowalea wengi. Leo Camel ina viunganishi zaidi ya 300, kuanzia faili na barua pepe hadi huduma za wingu.

Kwa mwanafunzi wa huku, maana yake ilikuwa kubwa. Ule mlango uliofungwa kwa ndani ulifunguka. Hukuhitaji kuajiriwa na benki ili ujue benki zinaunganishaje mifumo. Sitasema ilikuwa rahisi. Mwaka 2007 Kenya ilikuwa bado ikitegemea setilaiti kwa intaneti. Waya wa SEACOM ulifika Mombasa mwaka 2009. Maven, chombo kinachopakua maktaba za Java, kina mzaha wake wa siku nyingi kwamba hupakua nusu ya intaneti kabla ya kukubali kufanya kazi. Mzaha huo hauchekeshi ukiwa unalipia saiba kwa dakika. Lakini ukishapakua umepakua, na hakuna mtu wa mauzo atakayekupigia.

Mwaka huohuo, Nairobi

Machi 2007 ilizinduliwa M-Pesa. Mambo haya mawili hayakuhusiana, ila yanaelezana vizuri.

Majaribio ya M-Pesa yalianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, Safaricom na Vodafone zikishirikiana na asasi ya mikopo midogo, Faulu Kenya. Nia ya awali ilikuwa wateja walipe mikopo yao kwa simu. Nick Hughes na Susie Lonie, waliouongoza mradi huo upande wa Vodafone, walieleza baadaye kwamba kuyapatanisha malipo ya simu na vitabu vya mkopeshaji hakukuwa rahisi, na kwamba watu waliopewa simu hizo walibuni matumizi yao wenyewe, yakiwemo kutumiana pesa. Huduma iliyozinduliwa ikawa ile nyepesi: tuma pesa nyumbani. Kwa maneno mengine, sehemu ya umbo la M-Pesa tunayoijua ilitokana na ugumu wa kuunganisha mifumo miwili. Kazi isiyo na sifa ilisaidia kuamua historia.

Na ugumu huo haukuisha, uliahirishwa tu. M-Pesa ilipokua, kila duka, shule na SACCO ilitaka malipo yaingie vitabuni yenyewe. Kwa miaka kadhaa watengenezaji wengi wadogo walitumia ujanja: waliweka simu au modemu mezani, ikapokea SMS za uthibitisho, na programu ikazichambua neno kwa neno kutafuta kiasi na jina. Maneno ya SMS yakibadilika kidogo, mfumo ulikufa. Mwaka 2015 M-Pesa ilihamia mtambo mpya, na seva zake zikatoka Ujerumani kuja Kenya. Mwaka 2017 Safaricom ikafungua lango la watengenezaji programu na kuliita Daraja. Jina lenyewe lasema yote.

Lakini daraja ni la kuvukia tu. Ukishavuka, maswali ya SACCO yetu yanakungoja palepale. Habari za malipo zikija na seva yako imelala, nani anazihifadhi? Zikija mara mbili, unazitambuaje? Majibu yako kwenye kitabu cha 2003.

Jirani zetu nao walipita njia hiyo. Katika afya, OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa wenye mizizi Eldoret, ulienea katika nchi nyingi. Rwanda ilipotaka rekodi za mgonjwa zifuate mgonjwa toka kituo hadi kituo, ilijengewa tabaka la kati lililoitwa OpenHIM, ambalo toleo lake la mwanzo lilisimama juu ya Mule. Na katika pesa, mwaka 2017 ulitolewa mradi huria wa kuunganisha watoa huduma za malipo, ukaitwa Mojaloop, kutokana na neno letu moja. Lugha yetu imeingia hata kwenye jina la fremuweki, tusijione nyuma.

Ngamia ni wa nani?

Hapa ndipo penye somo ninalotaka ulibebe. Kampuni iliyowaajiri waanzilishi wa Camel iliitwa LogicBlaze. IONA ya Ayalandi iliinunua mwaka 2007. Progress Software ikainunua IONA mwaka 2008. Kikosi hicho kikapewa jina FuseSource, na Red Hat ikakinunua mwaka 2012. IBM ikainunua Red Hat mwaka 2019 kwa takriban dola bilioni 34. Kikosi kimoja, mabwana watano.

Katika safari hiyo yote kodi ya Camel haikuhama nyumba. Ilibaki katika wakfu wa Apache, kwa leseni ileile. Toleo la 2 lilitoka 2009, la 3 likatoka 2019, la 4 likatoka 2023. Aliyekuwa ameitumia kuunganisha mifumo yake hakupokea barua ya kumwambia bei imebadilika au bidhaa imefutwa. Linganisha na mtu aliyefunga biashara yake kwenye programu ya kampuni moja, kisha kampuni ikauzwa mara nne.

Hata hivyo uhuru si bure kabisa. Oktoba 2023 ActiveMQ, ndugu wa Camel, ilipatikana na tundu la usalama lililomruhusu mvamizi kuendesha amri kwenye seva kutoka mbali, na wahalifu wa kufunga mafaili ili walipwe walilitumia. Marekebisho yalitolewa mwezi huohuo. Walioumia ni wale waliosakinisha na kusahau. Programu huria haina mtu wa kukupigia simu, hata siku ambayo ungependa akupigie. Kuitunza ni juu yako.

Wakosoaji nao wana lao

Si wote wanaoimba sifa za njia hii. Kufikia miaka ya 2010 mabasi ya ESB yalikuwa yamenenepa. Kanuni za biashara zilizopaswa kukaa ndani ya mifumo zilihamia kwenye basi, na kila badiliko likasubiri kikosi kimoja cha basi. Mwaka 2014 James Lewis na Martin Fowler waliandika makala maarufu kuhusu huduma ndogondogo, wakisema werevu ukae kwenye ncha na bomba la katikati libaki bubu. Kafka nayo, iliyotolewa na LinkedIn mwaka 2011, ilikuwa imeanza kuwazoesha watu kuona ujumbe kama daftari ambalo kila msomaji hulisoma kwa mwendo wake.

Wakosoaji walikuwa sahihi kuhusu basi. Lakini tazama kilichotokea kwa ruwaza. Anayetumia Kafka leo bado huuliza afanye nini ujumbe ukirudiwa. Bado anaweka kando ujumbe ulioshindikana, na anauita kwa jina lilelile la barua zilizokufa. Camel yenyewe, kwa kuwa ilikuwa maktaba na si basi, ilihamia bila taabu katika huduma ndogondogo na kontena. Basi liligongwa, ngamia akapita pembeni.

Basi ujifunze nini?

Mtu akiniuliza leo aanzie wapi, namwambia asianze na orodha ya viunganishi 300. Chukua ruwaza tano zile za SACCO. Zichore kwa kalamu kwanza. Kisha andika njia moja ya Camel inayosoma faili na kuiweka kwenye foleni, na uizime katikati ya kazi kwa makusudi. Chomoa waya. Tuma ujumbe mmoja mara tatu. Tuma mstari uliokosa kiasi. Ukiona kwa macho yako kilichopotea na kilichorudiwa, umejifunza jambo ambalo cheti hakifundishi.

Pili, kila malipo yape nambari ya utambulisho toka yanapoingia, na usiiache njiani. Bila nambari hiyo hakuna mpokezi asiyerudia na hakuna ukaguzi.

Tatu, hakikisha kuna binadamu anayeangalia barua zilizokufa. Ruwaza inaziweka kando tu, haizisomi. Mahali pengi foleni hiyo hujaa kimya kimya, na ndani yake kuna mwalimu aliyelipa shilingi zake 3,000 na anaendelea kutozwa faini.

Bidhaa nilizozitaja leo nyingi zimebadilishwa jina, zimeuzwa au zimezikwa. CORBA ni jina la kuulizwa na wazee, na JBI hata wazee hawaiulizi. Ila shida ya ujumbe unaopotea na ujumbe unaorudiwa haijazeeka hata siku moja. Jifunze shida hiyo vizuri, na fremuweki itakayokuja baada ya Camel utaijua kabla hujaisoma.